Upande wa Pili wa Shuka

Katika chumba chetu cha kufulia, pale hospitali, shuka hukunjwa na watu wawili. Hakuna sheria iliyobandikwa ukutani, shuka zenyewe ndizo zinazotaka hivyo. Ni ndefu, ni nzito, na zikigusa sakafu tu zinarudi kwenye maji. Kwa hiyo mmoja anashika pembe mbili upande huu, mwenzake anashika mbili upande ule, wanaivuta mpaka ilie, wanaikunja kwa urefu, kisha wanaendeana. Wakikutana katikati, mmoja anamkabidhi mwenzake pembe zake, anainama kuokota mkunjo unaoning'inia, wanaachana tena, wanakutana tena. Shuka inawekwa mezani, inachukuliwa nyingine.

Mimi sikunji. Mimi ni mshona viraka, cherehani yangu iko kwenye kona karibu na dirisha, na chochote kinachochanika huletwa kwangu. Mikono ikishona, macho na masikio hayana kazi. Ndiyo maana naweza kuwasimulia habari ya Shangazi na mwenzake Chiriku, na jinsi neno moja la Kiingereza lilivyomwondoa mtu kwenye meza aliyoizoea.

Shangazi tulimwita hivyo sote, hata waliomzidi umri. Alikuwa na tabia ya kukukagua ukiingia mlangoni: umekula, mbona kola imekaa upande, nani kakuudhi. Chiriku naye jina lake linajieleza, mdomo wake haukujua siku ya mapumziko. Wawili hao walikunja pamoja tangu mimi sijaajiriwa, na sijawahi kuona watu wanaoelewana hivyo huku wakigombana kutwa.

Raha yenyewe ilikuwa kumsikia Chiriku akisimulia. Hakusimulia kwa mkupuo. Habari ilikwenda na shuka: sentensi moja wanapokutana, kisha anarudi kinyumenyume na pembe zake, anakuacha na hamu mpaka wakutane tena.

"Basi mwenye nyumba wangu kapata mchumba," alisema siku moja, akaachia hapo, akarudi nyuma.

Shuka ikavutwa. Wakakutana.

"Kamwambia nyumba nzima ni yake, anaishi na ndugu zake tu."

"Ndugu gani? Yule si hana hata binamu?"

Chiriku alishaondoka zamani. Shangazi akamfuata na shuka kwa haraka kabla ya zamu yake, vikagongana vichwa.

"Sisi wapangaji! Mchumba anakuja Jumamosi kutambulishwa. Mimi ni dada yake, yule kinyozi wa chumba cha nyuma ni baba mdogo, na mzee wa pale mlangoni ameambiwa awe baba mzazi, ila kodi yake ya mwezi huu iko palepale."

Tulicheka mpaka mama wa pasi akaunguza foronya. Lakini kabla Jumamosi haijafika, Shangazi alipata habari kwamba binti yake amejifungua, akaomba ruhusa akamsaidie. Wakati wa kuaga alimnyooshea Chiriku kidole.

"Hiyo Jumamosi usimsimulie mtu kabla yangu."

"Nimsimulie nani?" Chiriku alisema. "Hawa? Hawa wanacheka kabla sijafika."

Na kweli, hakusimulia. Jumatatu tulimbembeleza wote. Alifinya midomo, jambo ambalo kwake ni adhabu kubwa, akasema mwenye habari yake hajarudi. Sasa likabaki tatizo la kazi. Hakukuwa na mtu wa kumpa ashike upande wa pili. Chiriku akazunguka, akanung'unika, akamlaani Shangazi pamoja na mjukuu wake, kisha akachukua vibanio viwili vya nguo, akabana pindo la shuka kwenye bomba la chuma linalopita ukutani, akaanza kukunja na bomba. Kila alipolifikia alisema, "Hata kushika hujui, wewe."

Hapo ndipo meneja mpya alipopita. Bwana huyu alipenda kutuachia maneno ya Kiingereza kama mtu anayeacha peremende. Alisimama mlangoni, akamtazama Chiriku na bomba lake, akasema kwa sauti, "You are very independent!" Kwenye kikao cha wafanyakazi akalirudia mbele ya wote, akaongoza makofi.

Neno lenyewe halikujulikana na mtu. Dereva wa gari la nguo alidai ni siku ile bendera inapopandishwa. Mama wa pasi akamwambia hiyo ni nyingine, hii ya Chiriku bila shaka inahusu usafi. Chiriku mwenyewe hakujua, ila alilivaa.

"Sijui maana yake," alisema, "lakini kwa makofi yale, haiwezi kuwa tusi."

Shangazi alirudi na picha ya mjukuu kwenye mkoba. Bahati mbaya wa kwanza kukutana naye alikuwa dereva, na dereva kwa kuchongea hajambo.

"Mwenzako sasa ni independent," alimwambia getini. "Hakuhitaji. Anakunja na bomba."

Alipoingia, Chiriku alirusha mikono juu. "Shangazi! Wee, njoo ushike hapa haraka, nina Jumamosi nzima imenikaa kooni!"

Shangazi hakumtazama. Alitazama bomba. Vibanio viwili vilikuwa bado vimeng'ang'ania pale juu.

"Si una bomba?" alisema. "Lisimulie bomba."

Tulicheka, tukidhani ni utani wao wa kila siku. Mkoba ulibaki umefungwa, picha ya mtoto haikutoka.

Jioni ile alipitia kwa mkwe wake, mke wa mwanawe, anayefundisha Kiingereza sekondari. Yote haya alinisimulia mwenyewe kesho yake, amesimama mbele ya cherehani yangu na hasira imemkaa puani.

"Karibu, mama. Kuna heri?" mkwe alimpokea.

"Heri tupu. Nataka neno tu. Independent ni nini?"

"Ni mtu anayejitegemea, mama. Anafanya mambo yake bila kumngoja mwingine."

"Kumngoja nani?"

"Yeyote yule aliyekuwa akimtegemea. Mtoto akikua akaondoka kwa wazazi wake, ni independent. Hata nchi ikijitoa mikononi mwa mtawala."

"Sasa tuseme ni mtu wa kazini. Ana mwenzake wa siku zote."

Mkwe wa watu hakujua anakoroga nini. "Basi maana yake anaweza kufanya bila huyo mwenzake," alisema.

Shangazi akauliza mtu akitaka kulisema juu yake mwenyewe anasemaje, akafundishwa, akalirudia mpaka likakaa vizuri mdomoni. Akauliza kama linamfaa mwanamke wa umri wake. Mkwe akasema linamfaa sana, tena chai inachemka. Shangazi alikuwa ameshavaa viatu.

"Kwa hiyo mimi ndiye mtawala," aliniambia. "Chiriku kapata uhuru wake kutoka kwangu, wakapiga makofi."

"Shangazi, ni wivu huo."

"Ni wivu, ndiyo, nani kakataa? Lakini si wivu wa makofi. Makofi hata mimi nimepigiwa, siku ile nilipozima moto wa mashine. Kinachoniuma ni kwamba kiti changu hakijapoa, tayari kaweka bomba. Angalau angeweka mtu."

"Angeweka mtu ungemla nyama."

"Ningemla. Lakini ningejua pengo langu lilionekana."

Nilimwambia ukweli, kwamba Chiriku alikuwa akilitukana lile bomba kutwa nzima, na kwamba Jumamosi ile mpaka leo hajamsimulia hata paka. Sikio la kufa halisikii dawa. Aliniambia mimi nimezoea kuziba viraka, nisijaribu kumziba yeye macho.

Kuanzia siku hiyo naye akawa anajitegemea. Hakutaka bomba, maana bomba lilikuwa la Chiriku. Alikunja kwa kidevu. Anabana katikati ya shuka chini ya kidevu, anatanua mikono mpaka mwisho, anahangaika kama mtu anayepigana na nyuki, na ncha ya shuka inakwenda kufagia sakafu. Zikawa zinarudi kwenye maji moja baada ya nyingine.

"Jamani," fundi wa mashine alilalamika, "hizi shuka leo zinakwenda harusini? Mbona zinaogeshwa hivi?"

Neno nalo lilipata kazi. Ukitaka kumsaidia kikapu: "Niache, mimi independent." Ukimwekea chai: amekuja na chupa yake. Mvua ikinyesha, mwavuli wa watu wawili akaukataa, akalowa peke yake kwa heshima zote. Hata nyumbani lilifika. Mumewe, fundi wa saa, mtu mpole asiyenyanyua sauti, alikuwa amekaa mezani akingoja chakula alipotangaziwa kwamba mkewe sasa anajitegemea.

"Kwa hiyo nijipakulie?" aliuliza.

"Jipakulie."

"Nikijipakulia, na mimi nakuwa independent?"

"Wewe unakuwa mwenye njaa tu."

Tulicheka aliposimulia, naye akacheka. Lakini jicho lake lilikuwa kule mezani, linamtafuta Chiriku kama na yeye kacheka. Alikuwa bado anacheza kwa ajili ya mtu mmoja tu, na huyo mtu ndiye ambaye Shangazi aliapa hamhitaji.

Chiriku mwanzoni alichukulia mzaha. Baadaye ukamchoma. Siku moja alisogea na shuka mkononi, amejishusha kabisa.

"Dada yangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Wewe unajitegemea, mimi najitegemea. Tumekuwa mataifa mawili."

"Basi hata mtoto sijamwona. Anafanana na nani?"

"Anafanana na mwenyewe," Shangazi alisema, akaibana shuka kidevuni ili asiweze kusema zaidi.

Chiriku akarudi kwenye bomba lake. Yule mwanamke ambaye mdomo wake ulikuwa redio yetu alikunja kimya, na kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi cherehani yangu inavyopiga kelele.

Ndipo meneja akaitisha kikao. Jengo jipya la wodi lilikuwa limekamilika, na ghorofa ya juu kabisa palikuwa na chumba cha kuhifadhia shuka na foronya za jengo lile. Alitakiwa mtu mmoja wa kukaa huko, apokee, akunje, agawe. Ana chumba chake, ana ufunguo wake, hana wa kumsimamia. Alisema anataka mtu wa aina gani, na alipolitaja lile neno macho yote yakamgeukia Chiriku.

Chiriku hakulitaka. Nilimwona kwa macho yangu akisogea taratibu nyuma ya mgongo wa mama wa pasi, na mama wa pasi ni mgongo wa kujifichia kweli. Lau Shangazi angemtazama yeye, angeliona hilo. Lakini alikuwa akitutazama sisi, tulivyomgeukia Chiriku, na hilo lilimtosha. Mkono ukapanda.

"Sir," alisema, kwa Kiingereza kilichonyooka, "I am independent."

Makofi yaliyopigwa siku ile sijayasikia tena. Meneja alifurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi, akampa ufunguo palepale. Shangazi aling'ara. Alikuwa amelipata neno, tena kalisema mwenyewe, hakungoja apewe.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Chiriku alimshika mkono.

"Shangazi, huko juu ni mtu mmoja tu."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Na Jumamosi yangu?"

Nilidhani hapo angelainika. Alisimama, akaugeuzageuza ufunguo. Angesema tu haya, nisimulie, mambo yangekwisha, na ufunguo ungetafutiwa mtu mwingine. Lakini makofi yalikuwa bado masikioni mwake.

"Bomba lako lipo," alisema.

Chumba cha juu kilikuwa kizuri, mwenye macho hasemi uongo. Rafu mpya, meza pana, dirisha linaloonyesha mapaa ya mji mpaka mwisho, na kimya. Jambo la kwanza alilolifanya ni kumwita fundi bomba amfungie chuma ukutani cha kubania shuka. Alitaka kiwe kirefu kuliko kile cha chini, tena kipakwe rangi. Nilipopanda kumpongeza alinionyesha mara mbili.

"Kile chake kina kutu," alisema.

Kule chini, kwa kuwa kazi ilimzidi Chiriku, uongozi ulimleta mwanamke kutoka jikoni amsaidie. Alikuwa mtu wa mikono mizito na kicheko chepesi. Kukunja hakujui: anashika pindo kinyume, anachelewa kuja, anakuja na mguu juu ya shuka. Chiriku alimfundisha bila maneno mengi. Siku zikapita hivyo. Lakini chiriku ni chiriku. Asubuhi moja walipokutana katikati nilimsikia akivuta pumzi.

"Basi mimi nina mwenye nyumba," alisema, "kapata mchumba."

Nilisimamisha cherehani. Mama wa pasi akasimamisha pasi. Akaanza tangu mwanzo, baba mdogo kinyozi, baba mzazi wa kukodi, na yule wa jikoni anacheka kila anapopaswa kucheka na hata pale asipopaswa. Wakaachana, wakakutana. Jumamosi ikafika. Wapangaji wamejipanga sebuleni, mchumba kabisha hodi, mlango unafunguliwa.

Mlango wetu nao ukafunguliwa. Shangazi alisimama na toroli, amefuata foronya.

Chiriku akakata sentensi katikati. Alikuwa ameshika pembe zake mbili, shuka imenyooka mpaka kwa mwenzake, na alimtazama Shangazi bila kupepesa.

"Enhe?" akasema yule wa jikoni. "Mlango ukafunguliwa, halafu?"

Chiriku alikuwa akingoja. Hata dereva aliyekuja kuchukua nguo, ambaye haoni mbali, aliona kwamba anangoja. Toroli lingeachwa pale mlangoni, hatua chache, mkono mmoja kuzishika zile pembe, na yule wa jikoni angerudi kwenye masufuria yake bila kinyongo. Nilimwona Shangazi akizitazama zile pembe mikononi mwa mgeni, na wivu ulimpanda waziwazi mpaka shingo ikasimama.

"Huyo anashika pindo kinyume," alisema.

Akapakia foronya zake, akaondoka. Magurudumu ya toroli lile hulia, tuliyasikia yakienda mpaka mbali kwenye korido. Chiriku aliyasikiliza mpaka yakaisha. Kisha akamgeukia mwenzake, akaivuta shuka kwa nguvu, akamalizia habari yake. Chumba kizima kiliangua kicheko, na najua kicheko kile kilimfikia Shangazi kabla hajafika kwenye jengo lake.

Baada ya hapo hakushuka tena. Foronya alituma ziletwe.

Wiki iliyofuata nilimpelekea shuka nilizozitia viraka. Mlango ulikuwa wazi nusu. Alikuwa amenipa mgongo, shuka imebanwa kwenye chuma chake kile kirefu chenye rangi, naye anaiendea na pembe mkononi.

"Mjukuu wangu, bwana, ana paji la uso la babu yake," alisema alipokifikia. Akarudi nyuma, akavuta, akaja tena. "Ila mama yake hataki kuambiwa."

Nikakohoa. Aligeuka, akakunja uso.

"Nilikuwa nahesabu," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

Alizipokea shuka, akazikagua viraka kimoja kimoja, akaziweka kwenye rafu. Alinipa chai kutoka kwenye chupa yake. Tulikaa tukitazama mapaa. Akaniuliza kama wa jikoni amejifunza kushika pindo, nikasema amejifunza. Akasema "mh". Akazungusha kikombe mkononi muda mrefu.

"Na hiyo Jumamosi," alisema, akitazama nje. "Ilikuwaje?"

Nikamsimulia. Kwamba mchumba aliingia na jamaa zake, shangazi, mjomba na kaka wawili, watu wakakaa kwa adabu, ukoo kwa ukoo. Kwamba kinyozi alimtazama yule mjomba, mjomba akamtazama kinyozi, wakatambuana, maana yule mjomba alikuwa mteja wake, aliyezoea kumlalamikia kodi ya mwenye nyumba wake. Kwamba ndipo ikajulikana mchumba naye ana nyumba yake upande wa pili wa mji, na wale aliokuja nao wote walikuwa wapangaji wake. Kwamba posa ilikubaliwa palepale, kwa kuwa hakuna ndugu hata mmoja wa kuipinga.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Aliinuka, akakiendea chuma chake, akachukua pembe za shuka aliyoiacha.

"Angeisimulia yeye," alisema, "ingechekesha."